Mwembe Ukikatwa, Upasuliwe Mbao

Kila ghorofa mpya inapoanza Nyali, Kisauni au Mtwapa, kuna mwembe au mwarobaini unaokatwa kupisha msingi, na gogo lake huishia kuni au mkaa. Jambo hili linaniuma. Mwembe mkongwe una mistari myeusi ndani ya mbao ya manjano, na mwarobaini ni wa ukoo mmoja na mkangazi. Wekundu wake ukipigwa randa unapendeza mno. Halafu tunanunua saipresi kutoka bara kutengeneza meza!

Naamini fundi wa Mombasa anayetaka kazi za mbao na epoksi, ile gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, aanze kwa kupasua gogo lake mwenyewe. Msumeno wa injini uliofungwa kwenye fremu ya kuuongoza unatosha kutoa mbao pana zenye kingo za asili. Kibali cha kukata na kusafirisha kitangulie.

Shida yetu kubwa ni haraka. Mbao inapasuliwa leo, mwezi ujao inamwagiwa epoksi, na maji yaliyomo ndani yanaleta mapovu, epoksi inabanduka, meza inapinda. Makadirio ya mafundi wengi ni mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi ya unene. Paka rangi ncha za mbao zisipasuke, zipange kivulini juu ya fito, upepo upite kati yake, na uweke uzito juu. Mbao za mwembe zipake boraksi mapema, maana wadudu wanazipenda sana.

Hata hivyo hewa ya bahari ina unyevu mwingi. Mbao iliyokaa barazani kwa kawaida haishuki chini ya asilimia 14 hivi ya unyevu, na watengenezaji wengi wa epoksi wanataka 12 au pungufu. Iingize chumba chenye eyakondishena au kiondoa unyevu, uwe unaipima kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, imefika.

Epoksi nayo hujitia joto inapoganda. Ukimwaga tabaka nene mchana wa kaskazi, inaweza kuchemka, kugeuka manjano na kupasuka. Mimi humwaga alfajiri, tabaka jembamba, baada ya kuiziba mbao kwa mpako mmoja ili vitundu visitoe hewa. Msimu wa masika huweza kuacha utando wa mafuta juu yake. Uoshe kwa maji na uupige msasa kabla ya tabaka linalofuata, ukiwa na barakoa usoni.