Helikopta na lori lililojificha

Juzi kijiweni, jirani na Soko la Kilombero hapa Arusha, redio ilitaja makombora yanayobebwa kwa malori. Mzee mmoja akatua kikombe cha kahawa: "Si watume helikopta? Kazi imekwisha." Dereva wa fuso akacheka. "Mzee wangu, nikiamua kujificha njia ya Moshi hata trafiki hanipati."

Mzee hakukosea sana. Ndege ya kivita hupita kwa kasi mno, na ikiwa juu sana lori halisi na la bandia hufanana. Helikopta ya kivita kama Apache ya Wamarekani huruka chini, hujibanza nyuma ya kilima na kuchungulia usiku kwa kamera ya joto. Kombora lake la Hellfire hufika kilomita 8 hivi. Ikishaliona lori, limekwisha kweli.

Ila kuliona ndiyo shughuli. Mwaka 1991, kwenye Vita vya Ghuba, Iraki ilirusha makombora ya Scud yapatayo 88 kuelekea Israeli na nchi za Ghuba. Marubani wa doria wa Marekani na washirika wake waliona moto wa kurushwa kwake mara 42. Mara 8 tu ndipo walipopata shabaha ya kuangushia mabomu. Baada ya vita, uchunguzi wa Wamarekani wenyewe haukuthibitisha hata lori moja la kurushia lililoteketezwa na ndege zao. Malori yalikuwa yakiingizwa chini ya madaraja na kwenye makaravati. Ukipita pale Kikavu, angalia chini ya daraja, utamwelewa yule dereva.

Helikopta ingewahi? Ikiwa kilomita 40 kutoka kombora liliporushwa, kwa mwendo wa kilomita 260 kwa saa, ni dakika 9. Lori limeshaondoka. Tena kuruka chini kuna bei yake: Machi 2003, karibu na mji wa Karbala huko Iraki, Apache zaidi ya 30 za Marekani zilikwenda kupiga vifaru vya Iraki. Karibu zote zilirudi na matundu ya risasi. Moja ilibaki shambani na marubani wake wawili wakatekwa.

Mimi ningeituma pale tu ambapo mtu wa ardhini ameshaliona lori kwa macho yake, kama makomando wa Kiingereza walivyoingia magharibi mwa Iraki mwaka 1991 kuyasaka. Nilipolisema hilo, mzee aliafiki. Dereva akauliza: "Na huyo wa ardhini, akionwa yeye kwanza, nani anamfuata?"