Giaboksi otomatiki iboreshwe kwa ajili ya foleni na Kitonga

Taa ya "AT OIL TEMP" iliniwakia katikati ya mlima Kitonga, mwezi wa Desemba, nikiipeleka familia Iringa. Mbele yangu malori ya kwenda Tunduma yalikuwa yanapanda taratibu kama mtu aliyebeba gunia, nyuma basi lilikuwa linanipigia honi, na pa kusimama hapakuwepo. Gari ni Subaru Legacy GT, modeli ya BP5, injini ya lita 2 yenye turbo. Toleo hilo la otomatiki lilitoka kiwandani na nguvu za farasi 260. Nguvu ilikuwepo tele siku ile. Kilichokuwa kinaisha ni oili ya giaboksi, inaungua humo humo ndani huku mimi nikishangilia muziki.

Nilizima AC, nikashusha gia kwa mkono, nikapanda hivyo hivyo hadi nilipopata upana wa kuegesha. Injini niliiacha inaunguruma gia ikiwa P ili oili iendelee kuzunguka na kupoa. Ilichukua karibu robo saa taa kuzima. Tulipofika Ilula watoto wanachagua nyanya, mimi nimesimama pembeni na simu natafuta bei ya rejeta ya oili.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao wenzangu wa magari ya turbo hatuelewani. Wao wakisema wanaboresha giaboksi, wanamaanisha ibadilishe gia kwa teke na ihimili turbo kubwa zaidi. Mimi nasema gari unaloenda nalo kazini kila siku, giaboksi yake iboreshwe kwanza ili ivumilie foleni ya jioni na mlima wenye malori. Teke litafuata baadaye, kama bado utalitaka.

Sababu iko kwenye toki konveta. Injini inazungusha pangaboi moja ndani ya oili, oili inasukuma pangaboi la pili, na hilo ndilo linaloendesha gia. Mwendo ukitulia barabarani, kuna klachi ndani ya konveta inayoyafunga mapangaboi yote mawili yakazunguka pamoja, na hapo joto ni dogo. Lakini ukiwa kwenye gia ndogo nyuma ya lori, konveta haijajifunga. Injini inazunguka kwa nguvu, matairi yanasogea kidogo, na tofauti yote inageuka joto ndani ya oili. Foleni nayo ina lake: umekanyaga breki, gia iko D, pangaboi la pili limesimama na la kwanza linaendelea kukoroga. Upepo wa kupoza rejeta haupo. Kutoka Posta hadi Tegeta, hapa Dar, saa kumi na mbili jioni, giaboksi inafanya kazi ambayo hakuna aliyeihesabia kilomita.

Mafundi wa giaboksi wana kanuni yao kwamba oili ikishapita joto lake la kawaida, kila nyuzi 10 hivi zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Si hesabu ya maabara, lakini inakuonyesha ukubwa wa jambo. Nilinunua kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kikawa kinanisomea joto la oili kwenye simu. Barabara tupu nilikuwa naona 88 hadi 92. Foleni ilinipa 104. Niliporudi Kitonga mwezi wa pili, makusudi kabisa, niliona 121.

Kabla ya rejeta ilibidi nianze na oili yenyewe. Fundi alifungua nati ya chini, akaacha matone machache yadondokee kwenye karatasi nyeupe, akaiweka juani. Oili safi ya otomatiki ni nyekundu kama juisi ya rozela. Yangu ilitandaa kwenye karatasi ikiwa ya kahawia, katikati imebaki duara jeusi, na ukiisogeza puani inanuka kama mkate ulioungua. Sumaku ya ndani ya sampu, lile bakuli la oili la chini, ilikuwa imevaa tope la kijivu, laini kama unga wa wino. Fundi alilisugua katikati ya vidole viwili kwa muda mrefu bila kusema neno. Hakukuta vipande, tope tu. Akasema, "Bosi, una bahati. Ingekuwa vipande, tungekuwa tunaongea lugha nyingine."

Nilishaambiwa na watu wengi kwamba oili ya giaboksi haibadilishwi, imewekwa ya maisha. Hili linaniudhi. Maisha hayo yalihesabiwa kwa mwenye gari wa kwanza, kwenye barabara za kwao na baridi ya kwao. Sisi tunalipokea gari likiwa limeshaishi maisha hayo, halafu tunalipeleka Kitonga. Kuna jambo jingine la kuelewa: ukifungua nati ya chini inatoka karibu nusu tu ya oili, nyingine imebaki ndani ya konveta na kwenye mapito. Ndiyo maana mimi nilibadilisha mara tatu, kila baada ya wiki mbili, kwa oili ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Mashine ya kusukuma oili kwa nguvu niliikataa. Giaboksi iliyokaa miaka na uchafu wake sitaki uchafu huo ung'olewe siku moja ukazibe vijitundu vya ndani.

Rejeta yenyewe sasa. Kwenye BP5 intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa ya turbo, imelala juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti, kwa hiyo nyuma ya bampa kuna nafasi nzuri. Tuliifunga mbele ya kondensa ya AC, upande mmoja, ili isiinyime kondensa upepo wote. Kwa joto la Dar, AC nayo nina haki nayo. Mapito ya zamani ndani ya rejeta kubwa ya maji hatukuyakata: oili inapita huko kwanza, kisha inaingia kwenye rejeta mpya, kisha inarudi giaboksi. Wapo wanaoyakata kabisa wakidhani baridi zaidi ni bora zaidi. Mwenye gari anayelala Njombe au Makambako mwezi wa sita ataniunga mkono hapa, kwa sababu oili ikiwa nzito asubuhi gia zinakuwa ngumu, na maji ya rejeta ndiyo yanayoipasha oili mapema.

Gereji ya kwanza niliyokwenda ilitaka kuunga rejeta hiyo kwa mipira ya maji na klipu za kukaza kwa bisibisi. Niliondoa gari langu. Mpira wa maji haukuumbwa kwa oili ya moto, unalainika na kuvimba, na ukichomoka safarini unamwaga oili yote njiani kabla hujajua kinachoendelea. Mpira wa oili ya giaboksi una gharama zaidi, na hapo ndipo pesa yako inapotakiwa kwenda.

Baada ya hapo, foleni ile ile inanipa 90, ikizidi 92. Kitonga nimepanda tena mwezi wa nne nyuma ya lori la simenti, ikagota 101. Taa haikuwaka.

Kuhusu teke. Ndani ya giaboksi kuna kitu kinaitwa valvu bodi, bamba la aluminiamu lenye vijia vingi kama kichuguu cha mchwa ulichokikata katikati kwa panga. Oili yenye presha inapita kwenye vijia hivyo kwenda kubana klachi za kila gia. Klachi ikibanwa polepole, gia inaingia kwa ulaini lakini pleti zinateleza kidogo kabla hazijashika, na kuteleza ndiko kunakozila. Kwa hiyo wenzangu wana hoja: ukiongeza presha na kufupisha muda huo, pleti zinaishi zaidi. Nakubaliana nao kabisa kwenye hilo. Ninapopinga ni pale presha inapopandishwa hadi abiria anatikisika shingo kila gia ikibadilika. Mshindo ule haupotei hewani, unapokelewa na mikono ya injini, na shafti, na difu, yaani gia zinazogawa mzunguko kwa matairi. Na mama watoto ndiye anayelichukua gari hili kupeleka watoto shule. Nimechagua valvu bodi iliyosafishwa, solenoidi (valvu ndogo za umeme) mpya, na presha iliyopandishwa kidogo tu. Gia ya 2 kwenda ya 3 sasa inashika mara moja, unaisikia kwenye kiti lakini haikusukumi.

Njia ambayo wengi wanaikimbilia ni kwenda mtaa wa Gerezani, Dar, kununua giaboksi ya mtumba. Naelewa kwa nini, bei inavutia na gari linarudi barabarani ndani ya siku mbili. Lakini hiyo ni mbuzi kwenye gunia. Umri wake ni ule ule wa yako, na oili yake nani aliibadilisha? Kwa Subaru kuna mtego zaidi: difu ya mbele imo ndani ya giaboksi, na uwiano wake lazima ulingane na difu ya nyuma. Ukifunga giaboksi ya toleo jingine bila kuangalia, mbele na nyuma zinataka kuzunguka kwa kasi tofauti, na difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inapigana siku nzima hadi inakufa. Kabla hujalipa, soma namba iliyogongwa kwenye bodi ya giaboksi na uilinganishe na yako.

Halafu wapo wanaoniambia nitupe otomatiki nifunge manyuali, eti gari la kasi ni la mguu wa kushoto. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani. BMW M5 ya toleo la F10 ilikuwa na giaboksi ya klachi mbili. Lilipokuja toleo la F90 mwaka 2017, BMW waliiacha wakaweka otomatiki ya kampuni ya ZF, ya gia 8, yenye toki konveta, kwenye gari la farasi 600. Waliona otomatiki ya kawaida imeshafikia kasi waliyoitaka, na inapokwenda polepole mjini haina mitetemo ya klachi mbili. Mimi na farasi zangu 260 kwenye foleni ya Mwenge sina sababu ya kuona aibu.

Turbo sijaigusa, na nimeulizwa sana kwa nini, maana kwenye injini hii ya EJ20 farasi 40 zaidi hupatikana kwa kurekebisha kompyuta yake tu. Jibu langu ni zile pleti za klachi. Zimekaa humo tangu gari lilipotoka kiwandani, na nimeona tope lao kwenye vidole vya fundi. Nimeagiza seti mpya pamoja na sili zake. Zikifika, giaboksi itashushwa, konveta itapelekwa kukatwa na kusafishwa ndani, na hapo ndipo nitakapokubali kuzungumza habari za farasi.