Tabora: njia za porini zina wenyewe

Mwezi wa kumi, kabla ya mvua za kwanza, pori la kuelekea bwawa la Igombe hugeuka rangi. Ardhi bado ni vumbi, angani hakuna hata wingu, lakini mitundu inachipua majani mekundu kama shaba iliyosuguliwa. Asiyelijua pori hudhani miti inaungua. Ni katika majuma hayo, kijiweni kwetu mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, vikombe vya kahawa mkononi, ndipo hoja ilipoibuka: kwa nini pori hili lisitengewe njia za kutembea, likawekewa vibao na mabenchi, watu wa mjini wakaenda Jumapili na watoto wao, wageni wakalipa kiingilio? Mmoja aliyewahi kukaa Dar es Salaam akataja Pugu na Kazimzumbwi, ambako watu wa jiji huenda kutembea msituni na hata kulala kwenye mahema. Wengi tuliafiki. Mzee mmoja mrina asali, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Wakishaweka geti, sisi tutapitia wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Mazungumzo yakahamia Simba na Yanga. Tangu siku ile nimekuwa nikilipima swali lake, na sioni kama ni la mtu anayepinga maendeleo.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Huku kwetu ni nadra kumsikia mtu akisema "naenda msituni", husema "porini". Na porini mtu huenda kwa shughuli: kurina, kukata kuni, kutafuta ng'ombe aliyepotea, kuchuma uyoga. Ukikutwa unatembea tu mikono mitupu, wa kwanza kukutana nawe atakuuliza kama umepotea au unamtafuta nani. Ukilifikiria, ni jambo la kuchekesha kidogo. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 walisifika kwa miguu yao pwani na bara. Walitembea kati ya Ujiji na Bagamoyo na mizigo ya kilo 30 mabegani, wakilikatiza pori hili hili la miombo. Kutembea tunakujua sana. Kutembea bila mzigo ndiko kugeni.

Wanaotaka njia wana hoja nzito, na kwangu iliyo nzito zaidi haihusu fedha. Mkaa unaoivisha wali wangu unatoka porini. Mninga wa kitanda changu ulitoka porini. Kuni za mabani, vibanda vya kukaushia tumbaku ya mvuke, kule Urambo, Kaliua na Sikonge zinatoka porini. Lakini mtoto aliyezaliwa Isevya, hapa mjini, anaweza kumaliza sekondari bila kuujua mninga ukiwa umesimama na majani yake. Sisi tunaolila pori kila siku hatulioni, na wanaoliona kila siku hawaulizwi linapopangiwa matumizi.

Mwaka jana nilimpeleka binti yangu huko, mjomba wangu akituongoza. Mjomba ana mizinga porini tangu sijazaliwa. Alikwangua gome la mninga kidogo kwa ncha ya panga, si zaidi ya upana wa kidole. Kikatoka kijimstari cheusi kwanza, kisha kikawa chekundu, kizito, kikitiririka taratibu. Binti yangu akarudi nyuma. "Babu, mti unatoka damu!" Mjomba akacheka, akaokota tunda lake kavu chini na kumpa. Lilikuwa duara bapa, jembamba pembeni kama karatasi, na katikati donge lenye miiba, mithili ya yai la kukaanga ambalo kiini chake kimeota ndevu. Lile tunda lilikaa kwenye mkoba wake wa shule muhula mzima. Sijui somo gani la darasani lingeweza kumfanyia hivyo.

Wapo wanaosema Tabora haina cha kumwonyesha mtembeaji. Hakuna sokwe, hakuna maporomoko, ni miti ile ile kilomita baada ya kilomita. Kwa anayepita na basi ni kweli. Anayeshuka na kutembea anakuta mambo mengine. Mvua ikikolea, uyoga hutoka chini ya mitundu na mimuba, mwingine wa njano, mwingine mweupe, na kina mama huupanga kwenye ndoo na masado kando ya barabara. Uyoga huo haumei popote tu; mwingi wake huishi kwa kushikana na mizizi ya miti hiyo hiyo, hivyo ukifyeka mitundu umefyeka na mboga. Kuna matunda ya porini: kuna mbula, kuna ntalali, kuna matonga ambayo ganda lake hupasuliwa kwa kupigwa jiweni. Na kuna mlembe, ndege mdogo anayemwita mtu, anaruka mti mmoja mbele, anangoja, anaita tena, hadi akufikishe kwenye pango la nyuki. Warina hufungua, wanachukua asali, wanamwachia masega. Mtalii atasafiri mbali sana kuona kitu kama hicho.

Haya, sasa upande wa pili.

Njia haichagui mpitaji. Anayetetea vibao na mabenchi husema watu wakipita mara kwa mara watakuwa macho ya pori, na mchoma mkaa atashindwa kufukia tanuru lake mahali ambapo watoto wa shule wanapita. Anayepinga husema njia nzuri ndiyo zawadi ya kwanza kwa mwenye pikipiki ya magunia. Wote wawili wako sahihi. Tofauti ni idadi ya miguu. Njia inayotembelewa kila wiki ina macho. Njia inayotembelewa Idd na Krismasi, siku nyingine zote za mwaka ni ya mchoma mkaa, na tena tumemfyekea sisi wenyewe.

Hata hivyo si hilo lililokuwa moyoni mwa yule mzee. Alikuwa anaikumbuka Ugalla. Kwa miaka mingi Ugalla ilikuwa pori la akiba, na warina asali wa Sikonge na Urambo waliingia humo kwa vibali, msimu wa asali ukifika, wakapiga kambi, wakarina, wakatoka na ndoo zao kwa baiskeli. Mwaka 2019 ikapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Kwa mhifadhi, kupanda hadhi ni habari njema: ulinzi zaidi, wageni zaidi. Lakini sheria ya hifadhi za taifa haina nafasi ya mtu kuvuna kitu. Mtalii anakaribishwa kuangalia mti, na aliyetundika mzinga juu ya mti huo anakuwa mvamizi. Mti ni ule ule. Kilichobadilika ni karatasi.

Kwa hiyo tukisema "tufungue pori kwa matembezi", mrina anasikia "tutafunga pori kwa mizinga", na historia ya karibu haimkosoi. Kitu hiki wapenda matembezi wengi hawakioni kabisa, kwa sababu wanadhani pori ni tupu. Njia wanazotaka kuzichora zipo tayari. Zilichongwa na matairi ya baiskeli za warina, na kwato za ng'ombe, na nyayo za kina mama wa kuni.

Nisiwapambe warina kupita kiasi, lakini. Mzinga wa magome hutengenezwa kwa kubandua gome la mti mzima kuzunguka shina, na mti huo hufa. Moshi wa kurinia ukiachwa bila kuzimwa vizuri mwezi wa tisa, nyasi zikiwa kavu, huteketeza miche ya miaka mitano kwa alasiri moja. Mjomba mwenyewe siku hizi anatumia mizinga ya masanduku, na anasema wazi kwamba ujana wake uliua miti mingi. Lakini aliyechukua gome moja anataka mitundu mingine mia ichanue, vinginevyo hana asali. Mkulima wa tumbaku na mchoma mkaa hawana sababu ya namna hiyo.

Tuangalie Kigoma, maana kila mjadala wa kutembea msituni upande huu wa nchi huishia Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika pale Julai 1960, na mwaka 1968 Gombe ikawa hifadhi ya taifa. Hakuna barabara, unapanda boti, unakwenda kaskazini mwa mji kama kilomita 16, kisha ni miguu yako na vilima. Ukiwakuta sokwe unakaa mita 10 mbali nao, unafunika mdomo na pua, muda wako ni saa moja, na ukiwa na mafua hupandi. Masharti hayo yana sababu yake: sokwe hushika magonjwa yetu, na mwaka 1966 mlipuko wa polio uliua baadhi yao na kuwaacha wengine walemavu. Mgeni wa nje hutozwa dola 100 za kiingilio, Mtanzania hulipa kwa shilingi na kwa kiasi kidogo zaidi. Kama kuna mahali ambapo matembezi yamepangwa vizuri, ni pale.

Lakini panda kilima cha mpakani utazame upande wa pili. Miaka ya wageni na watafiti ndani ya hifadhi haikuzuia vilima vya nje kunyolewa. Kufikia miaka ya 1990 Gombe ilikuwa kisiwa cha kijani kilichozungukwa na mashamba ya mihogo yaliyochoka. Kilichoanza kugeuza mambo hakikuwa njia nyingine ya watalii. Mwaka 1994 taasisi ya Goodall ilianzisha mradi wa TACARE, ikaenda vijijini na vitalu vya miche, afya, mikopo midogo, na baadaye mipango ya matumizi ya ardhi ambamo vijiji vyenyewe vilitenga misitu yao. Visiki vilivyoachwa bila moto wala jembe vikachipua. Miombo ina tabia hiyo nzuri: ukiikata bila kuing'oa, mizizi haikati tamaa.

Kwa hiyo Gombe inatoa ushahidi kwa pande zote mbili, na ndiyo maana sikubaliani na wanaoitumia kama jibu. Inaonyesha kwamba matembezi yenye nidhamu yanaweza kuishi na viumbe dhaifu kwa miongo mingi. Inaonyesha pia kwamba fedha ya geti haivuki mpaka wa hifadhi kwa miguu yake yenyewe.

Mimi nasimama upande wa njia, ila kwa mpangilio uliogeuzwa. Tusianze na geti, tuanze na karatasi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake katika ardhi yake, kuweka sheria ndogo na kukusanya mapato yake. Hifadhi ya kawaida ya msitu nayo inaweza kuruhusu ufugaji nyuki kwa kibali. Tukipata njia chini ya karatasi za aina hiyo, mrina na mtembeaji wanaweza kukutana. Tukikimbilia hadhi kubwa kwa sababu jina linavutia kwenye vipeperushi, mmoja wao lazima atoke, na tunamjua ni yupi.

Kiongozi wa matembezi awe mrina. Si kwa kumhurumia, ni kwa sababu yeye ndiye anayejua mizinga iko wapi. Nyuki wetu hawana mzaha. Kundi la wanafunzi lenye kelele na manukato likipita chini ya mzinga alasiri ya joto, habari itakayotoka siku hiyo itafunga njia kwa miaka kumi. Yeye ndiye atakayejua mzunguko wa kilomita 4 uzungukie upande gani. Yeye ndiye atakayewaambia wageni wasivae bluu iliyokolea wala nyeusi, rangi ambazo mbung'o wanazipenda kiasi kwamba mitego yao hushonwa kwa vitambaa hivyo hivyo. (Binti yangu alivaa sketi ya shule, ya bluu. Tulijifunza.) Na njia ikifagiliwa majani mwezi wa tano na wa sita, kabla kiangazi hakijakomaa, inafanya kazi ya kinga moto pia, kazi ambayo leo haina anayeilipia.

Kuhusu kina mama wa kuni na uyoga, sheria ndogo iwataje kwa maneno, si kwa "wananchi kwa ujumla". Asitozwe kiingilio mtu anayekwenda kutafuta mboga, na asigeuzwe picha bila kuombwa. Tusipoliandika hilo mwanzoni litaamuliwa na kijana wa getini mwenye kitabu cha risiti.

Fedha itakayopatikana miaka ya mwanzo itakuwa ndogo. Nasema hivyo kwa sababu kijiweni watu walishaanza kuhesabu dola. Tabora si Gombe. Watembeaji wa kwanza watakuwa walimu, wanafunzi wa chuo cha nyuki, kwaya za kanisani, na watu kama mimi wanaotaka kuona mitundu ikiwa myekundu. Hao wanatosha kuifanya njia iwe na miguu kila wiki.

Na kama lazima liwepo geti, liwe pana kiasi cha kupita baiskeli yenye ndoo za asali pande zote mbili, na lisifungwe usiku, maana ndio wakati mjomba anarina.