Pua ya Hilux: inyanyuliwe au iachwe ilivyo?

Itazame pikapu yoyote tupu kutoka ubavuni, utaona imeinama mbele. Nyuma iko juu, pua iko chini. Wenye magari wengi, hasa vijana waliopata Hilux yao ya kwanza, hawaupendi mkao huo, na siku hizi si kazi kupata gereji itakayokunyanyulia pua kwa asubuhi moja. Vipande viwili vya chuma au plastiki ngumu vinawekwa juu ya shokapu za mbele, nati zinakazwa, gari linatoka limenyooka. Mafundi huviita spesa. Ubishi unaozuka kila mara ni kama spesa zinaharibu gari au haziharibu. Mimi naona ubishi huo unaanzia mahali pasipo pake. La kuuliza kwanza ni hili: bodi ya nyuma inabeba nini, na mara ngapi?

Kiwanda hakikukosea kuiinamisha. Hilux imetengenezwa kubeba mzigo unaokaribia tani moja, na mzigo huo karibu wote unakalia ekseli ya nyuma. Mpakie mkulima wa Ilula matenga yake ya nyanya yenye kilo 700, springi za mabamba zitashuka sentimita 6 au 7, na gari lililokuwa limeinama litakuwa sawasawa. Ule mwinamo ni akiba. Ukiimaliza gari likiwa tupu, siku ya mzigo pua itaangalia juu.

Hapo ndipo suala la taa linapoingia, na nitakaa nalo kidogo kwa sababu ndilo linalomgusa mtu asiyehusika na gari lako. Hilux ya dabo kebini ina milimita 3,085 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Nyanyua mbele kwa sentimita 5 na gari zima litakuwa limegeuka kwa asilimia 1.6, yaani katika kila mita moja mwanga unapanda sentimita 1.6 kuliko ulivyokuwa. Taa za dimu, zile za mwanga mfupi, hutegwa zishuke kiasi cha sentimita 1 hadi 1.5 kwa mita. Kwa hiyo mteremko wote wa mwanga umekwisha, na dimu yako inaangalia mbele moja kwa moja au juu kidogo. Sasa pakia zile nyanya. Nyuma ikishuka sentimita 6, asilimia 2 nyingine inaongezeka. Mita 50 mbele, mwanga umepanda mita moja au zaidi juu ya taa yenyewe. Umeshapita macho ya mwenye gari dogo, unamfikia wa fuso. Fikiria unashuka mlima Kitonga saa mbili usiku, malori yanapanda upande wa pili, korongo liko pembeni, nawe unadhani umewasha dimu.

Haki itendeke: tatizo hili lina dawa. Taa zinarekebishwa kwa bisibisi mbele ya ukuta, kazi ya dakika chache, na ukishazirudisha mahali pake umerudi kwenye hali ya kiwandani. Magari mengine yana hata kitufe ndani cha kushusha taa mzigo unapozidi. Kinachonisikitisha ni kwamba sijawahi kuona gereji iliyonyanyua pua ikagusa taa bila kuombwa. Mteja hulipa, hupiga picha, huondoka.

Wanaotetea kunyanyua wana hoja zao, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni uzito wa kudumu. Bampa la chuma na winchi pamoja hukaribia kilo 100, na kilo hizo zinaning'inia mbele ya ekseli, hivyo zinabana springi za mbele kuliko mzigo uleule ukiwa katikati ya gari. Gari la namna hiyo halijainama kwa muundo, limelemewa. Springi zake zimeshakula sehemu ya safari yake kabla hujakutana na shimo. Kuliacha hivyo ni kulitesa. Ya pili ni umri. Springi ya koili iliyokimbia miaka 15 kwenye barabara za vumbi huchoka na kupungua urefu. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, na ukiona pande mbili hazilingani jibu unalo. Kubadilisha springi hapo ni matengenezo ya kawaida kabisa.

Ya tatu ni nafasi chini ya gari, na hii huwa inatiwa chumvi. Ni kweli kwamba pua ikipanda, bampa halikwangui ukingo wa korongo wala tuta lililojengwa na wanakijiji kwa udongo na mawe. Ni kweli pia kwamba kwenye Hilux yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, difu ya mbele, lile bonge la gia lililo katikati ya magurudumu mawili, hupanda pamoja na bodi. Lakini difu ya nyuma haiendi popote. Imekaa kwenye ekseli yake, na urefu wake kutoka ardhini unaamuliwa na tairi peke yake. Kwenye matope meusi ya masika yenye njia mbili zilizochimbwa na malori, itakayokaa juu ya kigongo ni ile ya nyuma. Mwenye kutaka gari lipite njia hizo fedha yake ianze kwenye tairi.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu ambalo watu hulisahau. Pikapu nyingi za biashara zimeongezewa mabamba ya springi nyuma ili zibebe zaidi ya kiasi chake. Nyuma inapanda, gari likiwa tupu linaonekana limepiga magoti, kisha mwenye gari anakwenda kunyanyua mbele ili lilingane. Hivyo kosa la nyuma linafunikwa kwa kosa la mbele. Gari kama hilo litazamwe nyuma kwanza.

Tukubaliane basi kwamba ipo sababu ya kunyanyua. Inategemea njia ya kunyanyulia, na njia hizo hazifanani hata kidogo.

Pikapu za zamani kidogo, zikiwemo Hilux nyingi zilizotangulia kizazi cha Vigo kilichozinduliwa Thailand mwaka 2004, na Isuzu D-Max za kizazi cha kwanza, hazina springi za koili mbele. Zina fimbo ndefu ya chuma inayojisokota, tosheni baa. Fundi akikaza boliti yake pua inapanda, bila kununua chochote. Watu husema gari limekuwa gumu kwa sababu springi imekazwa. Si hivyo, fimbo ni ileile na ugumu wake ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba gurudumu limebakiwa na nafasi ndogo ya kushuka. Likiingia shimoni linafika mwisho wa safari yake haraka na kugonga, na mkono wako unausikia mgongano huo kwenye usukani kama ugumu.

Spesa inayowekwa ndani, kwenye kikalio cha springi, inafanya kosa lilelile: inaibana springi, gari linapanda, safari ya kushuka inapungua. Gari lenye mzigo nyuma ya ekseli ya nyuma huathirika zaidi, kwa kuwa mzigo huo tayari unaipunguzia pua uzito.

Spesa ya juu ya shokapu ni kinyume chake. Shokapu haibanwi, ila kituo chake kizima kimesogezwa chini, na gurudumu sasa linaweza kushuka kupita pale kiwanda kilipopanga. Boli jointi ya juu, kiungo cha gurudumu na mkono wake wa chuma, inapinda kupita kiasi, sivi jointi zinazopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu zinazunguka kwa pembe kali, na mkono huo wa juu unaweza kuigusa springi. Halafu kuna mtego wa vipimo: shokapu imeshikwa karibu na katikati ya mkono wa chini, wala si kwenye ncha yake, kwa hiyo spesa ya milimita 25 hunyanyua pua karibu sentimita 5. Nimeona watu wakinunua spesa ya sentimita 5 wakitarajia gari lipande sentimita 5. Huko ni kujitafutia ekseli mpya. Mwenye pikapu isiyo na difu ya mbele ana nafuu upande wa sivi jointi, lakini boli jointi anazo kama wengine.

Njia ya nne ni kubadilisha springi na shokapu kwa pamoja, na kuchagua springi kwa uzito ulioongezwa mbele. Waaustralia wameizoea sana njia hii. Kampuni yao ya ARB, kwa mfano, chini ya chapa ya Old Man Emu, huuza springi za gari moja katika madaraja ya uzito: isiyo na kitu mbele, yenye bampa, yenye bampa na winchi. Gharama yake huzidi ya spesa mara nyingi. Lakini hii ndiyo njia pekee kati ya hizi inayoongeza uwezo wa springi za mbele kubeba uzito, wakati zile tatu zinaongeza urefu tu.

Vyovyote utakavyofanya, alaimenti, yaani kuzipanga tairi upya, si hiari. Pua ikipanda, tairi zinabadilisha mwinamo wake, mwelekeo wake, na ule mlalo wa kasta unaoufanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Hilux ina boliti za kurekebishia kwenye mkono wa chini, zenye mwendo wa kikomo. Fundi akiutumia wote kusimamisha tairi, kasta inabaki kidogo, na gari linatangatanga kwenye lami ukipita kilomita 80 kwa saa. Hilo nimelipata mwenyewe. Nilifungiwa spesa, nikaambiwa alaimenti itasubiri, na ndani ya miezi minne tairi mbili zilikuwa zimelika ukingo mmoja hadi nyuzi zikaonekana. Akiba yote niliyodhani nimeipata iliishia dukani kwa muuza tairi.

Nchini Marekani, jimbo la North Carolina lilipiga marufuku kuanzia Desemba 2021 magari ambayo madigadi ya mbele yamepita ya nyuma kwa inchi 4 au zaidi. Virginia na South Carolina zikafuata na sheria za aina hiyo. Kule vijana walikuwa wakinyanyua pua makusudi, kwa mtindo, na hofu ilikuwa dereva asiyeona kilicho mbele ya boneti na taa zinazoelekea angani. Inchi 4 ni sentimita 10. Pikapu yetu iliyonyooshwa ikiwa tupu, kisha ikajazwa kupita uwezo wake, inausogelea mkao huo bila mwenyewe kukusudia.

Gari langu sasa lina bampa la chuma bila winchi, springi za daraja la bampa, na shokapu zake. Limepanda sentimita 3 mbele, na likiwa tupu bado limeinama kidogo. Jirani yangu ambaye hubeba matofali siku tano kwa wiki aliniuliza kama naye afunge zilezile. Nilimwambia asifunge chochote mbele, aondoe yale mabamba mawili aliyoongezewa nyuma, abadilishe bushi za mbele zilizokwisha, na jioni moja tusimame na gari lake lililopakiwa mbele ya ukuta wa shule tutazame dimu zake zinafika wapi.