Chukua maktaba kwenye hazina, lakini andika ni komiti gani

Hapa Lubumbashi nasikia ushauri uleule kila mara: usisakinishe maktaba ya Python (msimbo uliokwisha kuandikwa, wa kutumia ndani ya programu yako) moja kwa moja kutoka hazina ya msimbo, pale waandishi wake wanapoutunzia, ngoja toleo rasmi lifike PyPI, ghala rasmi la vifurushi vya Python. Sikubaliani nao. Hitilafu inayokukwamisha leo huenda imesharekebishwa kwenye hazina, na toleo rasmi likakawia miezi. Tena kuna maktaba ndogondogo, hasa za kuchakata maandishi ya lugha zetu, ambazo wenyewe hawajazipeleka PyPI na pengine hawatazipeleka. Pip, programu ya kusakinisha maktaba za Python, inajua kuzichukua zilipo: unatanguliza git+ kabla ya anwani ya https ya hazina, basi.

Ninachopinga ni kuishia hapo. Ukiweka anwani tupu, pip inachukua tawi kuu, yaani mkondo mkuu wa msimbo, kama lilivyo saa hiyo. Wiki ijayo mwenzako wa Katuba atatumia amri ileile na kupata msimbo mwingine, halafu mtashinda mkiulizana kwa nini programu inafanya kazi kwako na kwake inagoma. Mwishoni mwa anwani ongeza @ na namba ya komiti (hali ya msimbo iliyohifadhiwa kwenye hazina wakati fulani), zile herufi na tarakimu 40 ambazo Git, programu inayotunza historia ya msimbo, huzikokotoa kutokana na yaliyomo. Jina la toleo pekee halitoshi, maana mwenye hazina anaweza kulihamishia komiti nyingine. Namba ya komiti haihamishiki.

Halafu kuna mega za intaneti, na sisi mega tunazinunua. Mradi ukiwa GitHub, tovuti ya kuwekea hazina za Git, mpe pip anwani ya faili la zip la komiti hiyohiyo: hutapakua historia ya mradi, wala huhitaji Git kwenye kompyuta. (Miradi inayosoma namba ya toleo kutoka Git yenyewe itakataa, hiyo ichukue kwa njia ya kwanza.) Kama ndani mna msimbo wa lugha ya C, utalazimika kuujenga mwenyewe, yaani kuugeuza uwe wa kuendeshwa na kompyuta, kazi ambayo umeme ukikatika katikati unaianza upya. Kwa hiyo kwenye kikundi, mmoja tu aijenge kwa amri ya pip wheel, na faili la whl linalotoka, ambalo ni kifurushi kilichokwisha kujengwa, litembee kwa flashi. Wenye mfumo uleule na Python ileile watalisakinisha bila intaneti.

Wanaohofia usalama wana haki: kusakinisha kutoka chanzo huendesha msimbo wa mtu kabla hata hujaitumia maktaba yake. Lakini kifurushi rasmi nacho si kinga. Mwaka 2024 mlango wa siri uliofichwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, uliwashwa na faili lililokuwa ndani ya vifurushi vya toleo na halikuwamo kwenye hazina ya Git. Mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kulikuwa kumechelewa kama nusu sekunde. Na mwaka 2016 left-pad, maktaba ya mistari michache tu, iliondolewa npm, ghala la maktaba za JavaScript, na miradi mingi ikashindwa kujengwa. Hazina pia inaweza kufutwa usiku mmoja, ndiyo maana lile faili la whl nasisitiza litunzwe.

Mahali pamoja tu nawaunga mkono wanaosema tungoje: ukiandika maktaba ya kutumiwa na wengine. PyPI haipokei kifurushi kinachotegemea anwani ya Git. Hapo mwandikie mwenye hazina, umwombe atoe toleo, na ujitolee kumsaidia kulijaribu.