Mshika bastola na mkagua risasi

Julai 12, 2024, huko Santa Fe, New Mexico, hakimu Mary Marlowe Sommer aliifuta kesi ya Alec Baldwin, na mwigizaji huyo akabubujikwa na machozi mahakamani. Haikufutwa kwa sababu alionekana hana hatia. Ilifutwa kwa kuwa upande wa mashtaka haukuwapa mawakili wake ushahidi kuhusu risasi fulani zilizokuwa mikononi mwa polisi, na hakimu akaamua isifunguliwe tena. Hivyo lile swali lililosubiriwa tangu Oktoba 21, 2021, siku ambayo mpigapicha mkuu Halyna Hutchins aliuawa na mwongozaji Joel Souza akajeruhiwa kwa bastola iliyokuwa mkononi mwa Baldwin katika mazoezi ya filamu ya Rust, likabaki linaning'inia. Mwigizaji akikabidhiwa bastola, ikatoa risasi, mtu akafa, wa kulaumiwa ni nani?

Kwa wengi jibu lilipatikana siku ile ile: aliyeishika.

Hoja yao ina uzito. Yeyote aliyefundishwa silaha anaijua sheria ya kwanza: ihesabu kila bunduki kuwa imejazwa. Ya pili: usimwelekezee mtu ambaye hukusudii kumpiga. Hazina kifungu kinachosema "isipokuwa kamera ikiwepo". Mwigizaji mwenzake George Clooney alisema wiki chache baada ya tukio kwamba yeye kila anapopewa bastola huifungua, huitazama, kisha humwonyesha mwenzake atakayeelekezewa. Baldwin anashikilia kuwa hakuvuta kifyatulio, lakini uchunguzi wa FBI ulisema bastola ile, ikiwa nzima, isingeweza kulipuka bila kuvutwa. Waendesha mashtaka walidai pia kwamba mafunzo yake ya silaha, yaliyopangwa kuchukua saa nzima, yaliishia nusu saa kwa sababu alikuwa kwenye simu. Kama hilo ni kweli, ni aibu.

Nusu ya hoja hiyo naikubali bila ubishi. Mwigizaji hana ruhusa ya kuchezea silaha. Mwaka 1984 kijana Jon-Erik Hexum, akisubiri kurekodi, alijiwekea kichwani bastola yenye risasi isiyo na kichwa, zile za mlio na moshi tu, akavuta. Mlipuko wake peke yake ulitosha kumuua. Uzembe wa mwigizaji upo, na unaua.

Nusu ya pili ndiyo inayonitatiza: ile inayotaka mwigizaji awe mkaguzi wa mwisho. Wanaoisema wengi wao, nadhani, hawajawahi kujiuliza anachokiona mwigizaji anapoifungua bastola ya filamu ya mambo ya kale.

Bastola ya Rust ilikuwa nakala ya Colt ya zamani. Huwezi kuikunja katikati ukaona matundu yote kwa mpigo. Ina kilango kidogo pembeni. Unakifungua, unatazama tundu moja, unazungusha ngoma yake, unatazama la pili, mpaka yatimie 6. Na matundu hayo hayatakiwi kuwa matupu. Kamera ikiitazama bastola kwa mbele, mtazamaji anaona ncha za risasi, kwa hiyo ndani huwekwa risasi bandia: ganda la kweli, kichwa cha kweli, ila halina baruti. Zimetengenezwa ili zisitofautike na za moto. Hiyo ndiyo kazi yake.

Mwenye kazi anazitofautishaje? Nyingine zimetobolewa tundu dogo ubavuni mwa ganda. Nyingine zimewekwa kigoroli ndani badala ya baruti. Unaishika sikioni, unaitikisa, kigoroli kinalia. Isipolia, unaiweka pembeni na unaacha kila kitu mpaka ujue kwa nini. Unafanya hivyo kwa kila moja, hata kama ni hamsini, hata kama watu 30 wanakusubiri na jua linazama. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo sababu kuna mtu anayelipwa kuifanya: mtunza silaha.

Sasa mweke mwigizaji hapo. Anafungua kilango, anaona shaba. Aliyoambiwa ayaone ndiyo anayoyaona. Tukitaka ahakikishe, itabidi azitoe risasi moja moja, azitikise, azirudishe. Na akishazirudisha, ukaguzi wa mtunza silaha umekufa, maana mtu asiye fundi ameigusa silaha baada ya fundi. Itabidi ikaguliwe upya. Halafu mwigizaji aikague tena? Kwa sababu hii chama cha waigizaji, SAG-AFTRA, kilisema wazi Januari 2023, Baldwin aliposhtakiwa mara ya kwanza, kwamba kazi ya mwigizaji si kuwa mtaalamu wa silaha. Wengi walicheka wakidhani chama kinamkinga mwanachama wake tajiri. Mimi niliona ndiyo kauli pekee siku ile iliyotoka kwa watu wanaojua kazi inavyoendeshwa. Mwonyeshe mwigizaji, mfungulie kilango mbele yake, mtikisie risasi azisikie. Hilo ni jema na ni haki yake. Lakini kushuhudia ukaguzi ni jambo moja, na kuubeba ni jambo jingine.

Yaliyotokea kwenye Rust yenyewe yanatosha kuonyesha. Msaidizi wa kwanza wa mwongozaji, David Halls, alitangaza kuwa bastola ni "baridi", kwa lugha yao haina cha kulipuka. Huyu alikuwa mzoefu wa miaka mingi. Baadaye aliwaeleza wapelelezi kwamba alikumbuka kuona risasi 3 tu, na kwamba alipaswa kuzikagua zote lakini hakufanya hivyo. Jicho la pili, basi, lilikuwepo. Lilipitisha kwa sababu liliamini la kwanza limeshaona. Ukiongeza jicho la tatu, la mtu mwenye ujuzi mdogo kuliko wote, sioni jipya litakaloona.

Tena mkumbuke Brandon Lee, mwigizaji aliyeuawa kwa bastola akirekodi filamu, Wilmington, North Carolina, Machi 31, 1993. Vijana wa vifaa walihitaji risasi bandia, hawakuwa nazo, wakazitengeneza wenyewe: waling'oa vichwa vya risasi za kweli, wakamwaga baruti, wakavirudisha. Walichosahau ni kile kiwashio kitakoni mwa ganda. Kikalipuka, kikasukuma kichwa cha risasi hadi ndani ya mtutu, nacho kichwa kikakwama humo bila mtu kujua. Siku ya tukio wakajaza risasi za mlio, zilizo halali kabisa, na baruti yake ikakisukuma kichwa kile nje. Mwigizaji aliyempiga mwenzake angefungua bastola kama Clooney afanyavyo, angeona kila kitu kiko sawa. Kasoro ilikuwa kwenye mtutu, na mtaalamu wa silaha alikuwa amesharuhusiwa kwenda nyumbani.

Sentensi hiyo ya mwisho inanifikisha kwa wale ambao majina yao hatuyataji kirahisi.

Hannah Gutierrez-Reed, mtunza silaha wa Rust, alikuwa na umri wa miaka 24 na kazi mbili: kutunza silaha na kusaidia vifaa vya kuigizia. Uchunguzi wa idara ya usalama kazini ya New Mexico ulikuta kwamba aliomba siku zaidi za kazi ya silaha na akajibiwa aelekeze nguvu kwenye vifaa. Ulikuta pia kwamba siku chache kabla, Oktoba 16, silaha zililipuka kwa bahati mbaya mara mbili, wasimamizi wakajua, na hakuna aliyesimamisha kazi ili kuchunguza. Asubuhi ya siku ile ile ya mauti, wapigapicha walikuwa wamefungasha na kuondoka, wakilalamikia mazingira ya kazi pamoja na usalama. Kamba hukatikia pabovu, lakini kuna mtu aliyekuwa akiitazama ikichanika.

Simsafishi binti huyu. Zaidi ya ile iliyoua, risasi nyingine 5 za moto zilipatikana pale, kwenye toroli la vifaa na hata kwenye mikanda ya kuvaa waigizaji. Mwongozo wa usalama wa sekta nzima unakataza risasi za moto kuletwa kwenye eneo la kurekodia. Kuzinasa ilikuwa kazi yake, hakuzinasa. Machi 2024 alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miezi 18. Halls alikubaliana na mashtaka akapata kifungo cha nje cha miezi 6.

Na kampuni iliyotayarisha filamu? Aprili 2022 ilitozwa faini ya dola 136,793, kiwango cha juu kabisa ambacho sheria ya jimbo iliruhusu. Ikabisha. Mwaka 2023 wakapatana kwenye dola 100,000, na lawama ya kukiuka kwa makusudi ikaondolewa. Filamu iliripotiwa kuwa na bajeti ya dola milioni 7 hivi. Pigeni hesabu wenyewe: haifiki asilimia moja na nusu. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi, na kila mara naishia pale pale. Mtayarishaji anayeulizwa kama aajiri mtunza silaha wa muda wote au wa nusu kazi ana tarakimu mbili mbele yake. Mshahara atalipa kwa hakika. Faini, huenda asiilipe kamwe. Sheria imemfundisha achague nini?

Watasema Baldwin naye alikuwa mtayarishaji. Ni kweli, na kama mngeniachia niiandike hati ya mashtaka ningeanzia hapo hapo. Ila siku chache kabla ya ushahidi kuanza, hakimu aliamua kwamba cheo hicho hakihusiani na kosa lililo mbele yake. Mahakama ikabaki na mwanamume, bastola na kidole. Mlango ambao maswali ya fedha na ratiba yangepitia ulifungwa, nasi watazamaji hatukulalamika, maana kidole ndicho tulichotaka kukiona.

Rust ilimaliziwa Montana mwaka 2023. Mwongozaji alikuwa Souza yule yule, na mbele ya kamera alisimama Baldwin yule yule. Watayarishaji walipiga marufuku silaha zinazofanya kazi na risasi za aina yoyote.