Mivinje imeshika shimoni, lakini paa nunga atakula nini?

Asubuhi, barabara za kaskazini Unguja, utapishana na matipa ya mchanga yakishuka mjini. Kila nyumba mpya inayosimama ina shimo lake mahali fulani shamba. Na likizungumzwa shimo, husikika jibu jepesi: tutapanda miti, msitu utarudi pamoja na wanyama wake. Jibu hili lina ukweli, ila lina hatari pia, na mimi hatari yake ndiyo inayonikosesha raha.

Ukweli wake uko Bamburi, Mombasa. Kiwanda cha saruji kilichimba jiwe la matumbawe, ndugu wa jiwe la uwanda wetu wa mashariki na kusini, kikaacha jangwa jeupe. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, akaanza kupanda. Alijaribu aina 26 za miti, zikashika 3 tu, mvinje ukiwa mbele. Hata hivyo majani ya mvinje yalilundikana makavu bila kuoza. Aliyeokoa kazi ile ni jongoo. Haller alimwona akiyala majani hayo, akawakusanya wenziwe kwa mamia akawatia shimoni, na kinyesi chao kikaanza kufanya udongo. Hapo ndipo miti mingine ilipopata pa kushika, na ndege wakaja wenyewe.

Wanaotutajia Bamburi husahau kutenganisha waliokuja na walioletwa. Ndege na wadudu walikuja. Twiga, pofu na viboko waliletwa na watu, wakalishwa na watu, na nyuma yao palikuwa na kampuni yenye fedha na subira ya miaka mingi. Shimo la mchanga la shehia lina nani nyuma yake?

Ingia chini ya mivinje michanga iliyopandwa kwenye mchanga uliochimbwa. Kwa mbali ni kijani kizuri. Fukua kwa kidole: majani makavu mfano wa sindano, kisha mchanga mtupu, mweupe, haushikani mkononi. Kunguru atatua hapo. Kima punju, yule kima mwekundu wa Zanzibar, hatakaa, kwani anataka majani machanga ya miti mingi tofauti na matawi yaliyokutana. Naye paa nunga, paa mdogo wa msituni, huokota maua, majani na matunda yanayoangushwa na kima na ndege, basi pasipo na kima juu, chini nako njaa. Mvinje haumwangushii kitu.

Upande wa pili nao una haki yake, na nisiufiche. Mchanga mwingi umechimbwa chini ya minazi na mikarafuu, si chini ya msitu. Aliyepoteza hapo ni mkulima. Ukimwambia lengo ni kima warudi, atakukumbusha wakulima wa kandokando ya msitu wa Jozani wanaolalamika miaka nenda miaka rudi kuhusu nazi changa zinazoliwa na kima. Anataka mwembe, mfenesi, mshelisheli. Nami namuunga mkono, tena kwa ajili ya wanyama wenyewe. Popo wa Pemba waliwindwa hadi wakakaribia kwisha, lakini walipoanza kulindwa na wanavijiji wenyewe, kufikia mwaka 2007 walikadiriwa kukaribia 20,000. Hawakungoja msitu mpya. Wanakula maembe ya watu, wanalala kwenye miti mikubwa, mingine ya makaburini, na usiku wanatawanya mbegu bila kudai ujira.

Kwa hiyo shimo la shamba lirudishiwe miti ya matunda, na popo na ndege watafanya sehemu yao. Machimbo ya mawe uwandani yana hesabu nyingine. Huko kuna kichaka cha asili, na kikishang'olewa chote hakuna pa mnyama kutokea. Ukanda wake ubakizwe ubavuni mwa shimo. Na karibu na misitu ya hifadhi ya Jozani au Kiwengwa-Pongwe, ahadi ya kupanda miti baadaye isikubaliwe kabisa kuwa sababu ya kuchimba leo. Bamburi ilirudisha kijani mahali palipokwisha haribiwa. Haikumpa mtu ruhusa ya kuharibu pengine.

Kwingineko kote, kabla tipa la kwanza halijapakia, udongo mweusi wa juu usogezwe kando, ufunikwe makuti, usiuzwe kama kifusi. Humo mna mbegu, na mna majongoo.